Vidole vyangu havikukosa: ordinatere ya chama ilivyonipunguzia ngombe nne

Wakuu, salamu kutoka Bunia, jimbo la Ituri, Kongo.

Mimi si mutu wa kuandika. Nilifika troisième primaire, darasa la tatu, kisha baba akanitoa shuleni juu ngombe zilikosa mutu wa kuzichunga. Lakini haya nitakayoyasema niliyaishi mwenyewe, na mwenye kubisha aje Mudzipela, mutaa wa hapa Bunia, aulize ku ofisi ya wafugaji.

Majina nitayataja. Nimechoka na habari za "mutu fulani". Mutu fulani hakunifanya kitu. Walionifanyia wako na majina na wanakula vizuri.

Kwanza mujue mukono wangu.

Wa kuume uko na vidole vitatu. Viwili viliondoka na panga wakati wa vita, siku tuliyokimbia kilima chetu. Aliyenikata anaitwa Jérôme. Alikuwa jirani, tulikuwa tunaazimana chumvi. Leo anauza misumari sokoni na miye ninapita mbele ya meza yake. Hiyo si habari ya leo, nimeisema tu juu mukono huu utaingia ndani ya habari.

Siye wafugaji wa huku tuko na chama. Prezida wake anaitwa Bahati. Mutu wa kofia na tumbo, anasema pole pole kama mutu anayetafuna.

Msimu huu charbon ilianza ku vilima. Kwa wasioijua: ni ugonjwa unaoangusha ngombe ghafla. Asubuhi inakula majani, adhuhuri imevimba, imekufa, na nyama yake usithubutu kuigusa. Nafasi ya kutibu haipatikani. Kinga yake njo chanjo.

Chanjo ikaja, lakini kidogo. Ikasemwa kila mufugaji atapewa kadiri ya ngombe zake, isizidi hata moja, juu ingine haitakuja haraka. Ili watu wasipigane, chama kikaamua ordinatere, yaani kompyuta, njo igawe.

Wakamuleta Enjeniere Gédéon. Mutoto wa hapa hapa Bunia, baba yake mufugaji, alisoma Kampala. Mutoto mwenye adabu, siwezi kusema uongo. Akaandika programu.

Nilimuuliza ni kwa lugha gani, juu niliona ku kioo cha ordinatere vishale, vimviringo, visanduku, vitu kama alama za moto ku mapaja ya ngombe.

Akaniambia:

"Papa, hii ni lugha ya matablo. Lugha zingine zinachukua mufugaji mumoja, zinafanya hesabu, zinarudia wa pili. Hii inachukua safu yote ya wafugaji mara moja. Ni kama unafungua mulango ya lupango, ngombe yote inatoka pamoja."

Nilipenda hayo maneno. Programu yote haikujaza hata nusu ya kioo.

Sasa hapa nisimame kidogo, juu kuna ndugu wa pwani na wa miji mikubwa hawajui desturi yetu.

Kwetu mufugaji hasemi hesabu ya ngombe zake nzima. Hata kwa muke wake. Ukimuuliza atakuambia kwa vipande: zilizokuwako mvua ya jana, zilizotoka, zilizoingia. Unajumlisha mwenyewe kichwani na unanyamaza. Hesabu ikitoka kinywani nzima, tunasema umeita mauti ije kuchagua. Baba yangu alikufa bila hata mumoja wetu kusikia hesabu yake.

Munaweza kucheka. Siye hatucheki.

Gédéon aliijua hiyo desturi, ni mutoto wa lupango. Kwa hiyo siku ya mukutano alisimama akasema:

"Ba papa na ba mama, hakuna mutu atalazimishwa kusema. Muandike ku klavye, hivi vitufe vya kubonyeza, vile munasemaka. Zilizokuwako, mutie alama ya kutoa, zilizotoka, mutie alama ya kuongeza, zilizoingia. Mashine itahesabu yenyewe ndani ya tumbo yake. Hakuna mutu atasoma."

Tulipiga makofi. Miye pia nilipiga, na vidole vyangu vinane.

Siku ya kuandika, tulipanga mustari mbele ya ofisi. Unaingia peke yako, unakaa mbele ya klavye, Gédéon anasimama nyuma ya kioo asione. Kioo kinauliza "Ngombe?" na chini yake kuna kisanduku kidogo na nukta mbili, kinangoja.

Mama Furaha alikuwa mbele yangu. Ni mujane, alikuja kutoka pande za Beni, anafuga ngombe chache na mbuzi. Hakutaka hata vipande. Aliandika "wengi".

Mashine ikamurudishia maneno ya kizungu, VALUE ERROR. Akapiga kelele:

"Gédéon! Hii kitu iko nasema nini?"

"Iko nasema haijue valeur, thamani ya ile neno, Mama."

"Ah, hata bwana yangu alikuwa anasema hivyo. Amekufa, ngombe zimebaki kwangu."

Tulicheka mustari muzima, naye mwishowe akakubali kuandika vipande. Muzee mwingine alibonyeza Enter bila kuandika kitu, akifikiri ataponyoka. Kioo kikamuuliza tena "Ngombe?" Akabonyeza tena. Kikauliza tena. Kama askari wa bariere barabarani, anayerudia neno moja mpaka utoe karatasi.

Gédéon naye alicheka. Hakushangaa hata kidogo mashine ilivyojibu, na siye tukamuona anajua kazi.

Ikafika zamu yangu.

Klavye ninabonyeza na kidole kimoja cha mukono wa kushoto. Pole pole, lakini ninaangalia kila herufi kabla sijashusha kidole. Zilizokuwako mvua ya jana, kumi na nne. Zilizotoka, tatu, zilienda ku mahari ya mutoto wangu. Zilizoingia, ndama mbili.

Nikaandika: 14-3+2

Nikaangalia tena. Nikabonyeza Enter. Kioo kikanyamaza, kikaita mwingine.

Jumla yake mupige wenyewe kichwani. Bado sijaisema.

Ngombe zangu zinachungwa na shemeji yangu Faustin, kaka ya marehemu muke wangu, huko ku vilima. Mutu wa maneno machache. Siku ya chanjo nilipanda kwake, na Docteur Pascal, docteur wa mifugo, akafika na pikipiki na glacière, sanduku la baridi la dawa, nyuma.

Alianza kuchoma sindano. Miye na Faustin tunashika pembe, yeye anachoma, tunaachilia, tunashika ingine. Kazi ilienda vizuri.

Alipomaliza ya tisa, akafunga glacière.

"Muzee Zakaria, dawa yako imekwisha."

"Docteur, ngombe zinasimama pale."

"Naziona. Lakini ordinatere imesema tisa."

"Ordinatere inazijua ngombe zangu kuliko miye?"

"Muzee, usinigombeze. Miye nachukua chupa zenye nilipewa."

Akawasha pikipiki.

Nne zikabaki zimefungwa kamba, hazina chanjo. Na katika hizo nne kulikuwa na Sifa.

Sifa ilikuwa na mimba. Ni ya uzao wa ngombe niliyokimbia nayo wakati wa vita, ile moja tu iliyokubali kunifuata. Zingine zote zilibaki kule, na siwezi kueleza zilivyofanywa. Kutoka ile moja njo nilijenga tena lupango. Kwa hiyo mutu asiniambie "ngombe ni ngombe".

Nikashuka Bunia siku hiyo hiyo, nikaingia ofisini kwa Bahati. Kulikuwa na watu wamekaa.

"Prezida, dawa yangu ilipungua."

"Haikupungua. Kila mutu alipata kadiri ya kile aliandika."

"Niliandika sawa."

Bahati akaangalia mukono wangu. Akauangalia muda murefu, ili watu nao wauangalie.

"Muzee, klavye ni kitu ya vidole kumi. Labda ulibonyeza pembeni."

"Sikubonyeza pembeni."

"Basi labda ni vile vidole ingine njo viliandika, vile vilibaki kule ku kilima."

Watu wakacheka. Si wote. Lakini waliocheka walitosha.

Wakuu, nilishapigwa, nilishalala porini, nilishazika watu bila sanduku. Kile kicheko kiliniingia kuliko vyote. Juu panga la Jérôme lilichukua vidole viwili, na Bahati sasa alitaka kuchukua vilivyobaki, aseme navyo ni vya uongo.

Nikamuuliza kama kuna chanjo iliyobaki popote, hata kidogo.

"Yote ilikwisha. Hata chupa tupu haiko. Ngoja ingine."

Kungoja? Charbon haingoji. Jirani wa Faustin alikuwa ameshazika ngombe mbili.

Nikamupigia Gédéon simu. Kumbe alishaenda Mahagi, alipata kazi ku depo, ghala ya wafanyabiashara huko. Akanijibu kwa heshima, lakini jibu lilikuwa lile lile.

"Papa, programu niliipima. Haina kosa. Labda ni faute ya kubonyeza."

Nikakata simu. Nikajiambia: mutu asiyekusikia ku simu, mupelekee sura.

Nilipata lori ya maharagwe na sabuni iliyokuwa inapanda Mahagi. Nilikaa juu ya magunia na wachuuzi. Barabara munaijua, ao munaisikia. Ku kila bariere tunashuka, tunatembea, tunapanda tena. Mama mumoja aliniuliza ninaenda kuuza nini. Nikamwambia ninaenda kununua hesabu yangu. Akasogea mbali nami kidogo.

Nilimukuta Gédéon ku depo, nyuma ya meza, na ordinatere yake ya mukononi. Aliponiona alisimama haraka.

"Papa! Karibu, ukae, nikutafutie chai."

"Sikufuata chai. Ile programu iko humu ndani?"

"Iko."

"Fungua. Andika weye mwenyewe, na vidole vyako kumi."

Nikamutajia vipande vyangu. Kumi na nne, kutoa tatu, kuongeza mbili. Akaandika bila hata kuangalia klavye, vidole vinakimbia kama kuku. Akafanya kioo kionyeshe jibu.

Tisa.

Akakunja uso. Akafuta, akaandika tena, sasa pole pole, kama miye.

Tisa.

Nikamwambia:

"Mutoto wangu, na weye nani alikukata?"

Aliweka mikono yote miwili ku kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana:

"Papa, ni miye."

Akanieleza, na nitawaeleza vile nilivyoelewa. Wenye kusoma kunizidi watanisahihisha chini hapo.

Ile lugha ya matablo haiangalii kama ni kutoa ao kuongeza njo kinatangulia. Haianzi mukono wa kushoto vile siye tunasoma. Inaanza mukono wa kuume. Kwa hiyo ilikuta kwanza tatu na mbili, ikaziweka pamoja, ikapata tano. Halafu ikatoa hizo tano ku kumi na nne.

Yaani ndama zangu mbili zilizozaliwa, mashine ilizihesabu pamoja na zilizotoka. Iliwazika watoto wazima.

"Ulijua inaanza mukono wa kuume?"

"Nilijua. Ni kitu ya kwanza wanafundishaka."

"Na ukatuambia tuandike vile tunasema."

"Papa, miye nimeizoea mpaka siioni tena. Sikufikiri mutu atakuja na kichwa ya kawaida."

Nilimuuliza tena: kwa nini mashine ilikubali kufanya hesabu ya maandishi yetu? Ilipaswa kwanza isikie tulichoandika, kisha njo ihesabu.

Hapa njo kuna jambo lenyewe, na wakuu wenye kuandika programu musikie.

Kile kisanduku na nukta mbili kinaitwa quad. Ukiweka kisanduku kitupu, kila kitu mutu anaandika ku klavye mashine haikipokei kama barua. Inakipokea kama amri, inakitimiza hapo hapo. Ukiandika hesabu, inaifanya kwa namna yake. Ukiandika "wengi", inatafuta ndani ya tumbo lake kama kuna kitu kinachoitwa wengi, haikioni, inakutukana.

Na kuna kisanduku kingine, chenye alama ndogo ndani kama kidonda. Hicho kinachukua herufi vile zilivyo, hakizigusi. Umeandika wengi, ni wengi. Umeandika kumi na nne, ni alama ya moja na alama ya nne, mpaka mwenye programu mwenyewe azikague na kuzigeuza kuwa hesabu.

"Na kwa nini hukuweka hicho cha pili?"

Akaangalia chini.

"Kinaomba kazi mingi, Papa. Ukague kama mutu ameandika tarakimu, ugeuze, umuulize tena akikosea. Kile kitupu kilikuwa rahisi."

Rahisi.

Wakuu, mungejua ni vitu vingapi vimekufa Ituri hii juu ya mutu mumoja kuona kitu fulani ni rahisi.

Kisha yeye mwenyewe akakumbuka kitu, uso ukabadilika.

"Papa, kama kuna waliopata kidogo, kuna na waliopata mingi. Mutu aliyetoa mara mbili, mashine ilimuzidishia."

Akanionyesha. Mutu mwenye kumi, zimetoka tano, zimetoka tena mbili, anabaki na tatu. Mashine inaanza kuume, inatoa mbili ku tano, inapata tatu, inatoa hizo tatu ku kumi. Inampa saba.

"Nani huyo aliyetoa mara mbili?"

"Sijui. Nilifunga programu mutu asione. Njo vile mulitaka."

Tulikuwa bado tunaangalia kioo wakati simu yangu ilipolia. Faustin.

"Shemeji," akasema, "Sifa imeanguka."

"Inapumua?"

"Hapana."

Nikamwambia asiikate, asimpe mutu nyama, aichome moto, achimbe shimo refu, na zile tatu zingine azipeleke mbali na yale majani. Akasema sawa. Faustin hakusema pole, na nilimushukuru.

Gédéon alisikia yote. Akafunga mashine yake, akaitia ku sac ya mugongoni, akamwambia mutu wa depo kwamba anaondoka.

"Twende, Papa."

Tulipanda lori ya kwanza iliyokuwa inashuka Bunia.

Bahati hakutaka kuita mukutano. Alisema wanachama wako na kazi. Basi Mama Furaha alizunguka soko la Mudzipela akipiga kelele kwamba mashine imekula ngombe za watu, na chakula kikipikwa kwa kelele namna hiyo kila mutu anakuja kuonja. Ofisi ikajaa mpaka mulangoni. Hata Docteur Pascal alikuja, akasimama karibu na mulango, na casque, kofia ya pikipiki, mukononi.

Gédéon akasimama mbele ya watu wote. Akasema kosa ni lake, mashine ilisoma kutoka kuume, wengine wamepunguziwa na wengine wamezidishiwa. Kwa hilo ninamuheshimu, hata kama Sifa haitarudi.

Bahati akatabasamu.

"Bon. Mutoto anasema mashine imekosa. Miye nasema haijakosa. Mwenye anajua ngombe yake ni ngapi na dawa ilikuwa ngapi, asimame hapa, aseme hesabu yake. Tutalinganisha. Nani?"

Hakuna aliyesimama.

Yule mutu ni mujanja, wakuu. Alijua hakuna mutu atasema. Alichukua desturi ya baba zetu akaifanya nyumba ya kujificha.

Niliwaangalia wale watu. Wengine ninajua walipungukiwa, niliona uso wao. Wote walikuwa wanaangalia chini.

Nikasimama.

Nilimuona baba yangu ndani ya kichwa. Lakini nilijiuliza: nimenyamaza maisha yote, na mauti haikuwahi kupotea njia ya kwangu. Ilikuja na panga, ilikuja na homa ya muke wangu, ilikuja na charbon. Haikuwahi kuomba hesabu.

Nikasema kwa sauti ya kuitia ngombe:

"Ngombe zangu zilikuwa kumi na tatu. Nilipewa dawa ya tisa. Moja imekufa. Zimebaki kumi na mbili."

Muzee mumoja akafunika kinywa chake na mukono kama vile ni yeye alisema. Mama Furaha akafanya ishara ya musalaba.

"Sasa weye, Prezida," nikamwambia. "Ulituambia tuseme. Sema yako."

Bahati akavua kofia, akaivaa tena.

"Miye njo Prezida, si miye niko nashitakiwa."

"Hakuna mutu amekushitaki. Sema tu ulitoa mara ngapi."

Hapo Docteur Pascal akakohoa mulangoni. Alikuwa anazungusha ile casque.

"Kwa Prezida nilichoma ngombe zote," akasema. "Na chupa zilibaki. Hazikufunguliwa. Akaniambia zitakaa ku frigo yake."

Mukisikia ofisi ikilipuka, njo ile.

"Nilikuwa nazitunza!" Bahati akapiga kelele. "Nilizitunza kwa ajili ya chama!"

"Ah bon?" Mama Furaha akasema. "Chama kizima kiko ku frigo yako, na siye tuko hapa inje. Twende tukisalimie."

Tulienda. Watu wengi, kwa miguu, barabara nzima. Muke wa Bahati alifungua mulango, akatuangalia, akamuangalia bwana yake nyuma yetu, akaenda mwenyewe kufungua frigo. Chupa zilikuwa nyuma ya sahani ya samaki. Pascal akazihesabu, akazitia ku glacière.

Nilipanda naye juu ya pikipiki yake mpaka kwa Faustin. Zile tatu zikachomwa kabla jua halijashuka. Nilizishika pembe mwenyewe, na vidole vitatu, na hata moja haikuniponyoka.

Mama Furaha naye alipata za kwake. Lakini chupa za Bahati hazikutosha wote waliopunguziwa. Kuna wafugaji wawili waliozika tena baada ya hapo. Na Pascal naye ninamutaja kama nilivyoahidi: alijua kuhusu ile frigo tangu siku ya kwanza. Alinyamaza juu Prezida njo anamupa kazi. Alisema ukweli, ndiyo, lakini aliuchelewesha mpaka Sifa ikaingia ardhini.

Gédéon nilimukataza kurudi Mahagi mpaka atengeneze. Nilimwambia nitakaa ku kile kiti cha mbele ya klavye, na nilikaa.

Ameondoa kile kisanduku kitupu, ameweka kile cha pili, kinachochukua herufi bila kuzigusa. Mashine sasa inauliza maswali matatu, moja moja: zilizokuwako, zilizotoka, zilizoingia. Ukiandika neno, haikutukani, inakuambia kwa Kiswahili uandike tarakimu. Ukiandika alama ya kutoa, inaikataa. Na mwisho inakuonyesha weye peke yako ku kioo: "Nimesikia hivi. Ni kweli?" Unabonyeza O ya oui ao N ya non. Hakuna mutu anasikia, desturi haijavunjika, na mashine haiwezi kukuzika ukiwa muzima.

Miye njo nilikuwa wa kuijaribu. Niliandika matusi, niliandika tarakimu na herufi pamoja, nilibonyeza Enter bila kitu. Kila ikimeza kitu kibaya, Gédéon anarudi ndani kurekebisha. Alichoka. Nikamwambia hata Sifa ilichoka.

Bahati bado njo Prezida. Mulifikiri nini? Hii ni Kongo. Alisema ni "malentendu", kutoelewana tu, watu wakapiga kura, wakamurudisha. Miye sikupiga. Ofisini ninaenda, ninakaa kiti cha mbele, ninamuangalia.

Sasa somo langu, na ninawapa bure.

Wenye kuandika programu: mutu anapokaa mbele ya klavye yenu, kile anachoandika ni neno lake. Lipokeeni kama neno kwanza. Lishikeni, likagueni, mumurudishie muulize "ulisema hivi?", kisha njo mufanye hesabu. Musitimize kabla hamujasikia. Na kama lugha yenu inasoma kwa namna ambayo hakuna mama sokoni anasoma, hiyo ni kazi yenu kuieleza, si kazi ya mama kuikisia.

Wenye kubonyeza kama miye: mashine ikinyamaza baada ya Enter, usiinuke ku kiti. Uliza imesikia nini. Wakikucheka, kaa.

Jambo moja limebaki na linanisumbua. Kuna wazee hapa wanasema nimeleta mukosi kwa kutaja hesabu mbele ya watu. Hata Faustin aliniomba nisiitaje tena karibu na lupango, na nimemukubalia, juu yeye njo analala nazo. Lakini ofisini, wakiniuliza, nitaitaja tena, na mbele ya Bahati nitaitaja kwa sauti.

Wafugaji wenzangu mulioko humu, kwenu desturi hiyo iko? Mungefanya nini pale, mungenyamaza? Na nyinyi wa ordinatere, kuna mwenye ameshapoteza kitu juu mashine ilitimiza badala ya kusikiliza?

Andikeni. Mukinipinga pia andikeni, nitajibu kila mutu, kidole kimoja kimoja.